Nilivyongoja karo ya mkazi wa Texas bila kuacha masomo

Nilihamia Dallas, Texas, kutoka Wichita nikiwa na miaka miwili ya chuo kutoka Kansas, green card mkononi, na umri umeshapita miaka 24, kwa hiyo ukaaji wangu haukupimwa kupitia wazazi. Chuo kikuu cha umma nilichokitaka kilinikubali mara moja. Shida ilikuwa karo. Asiye mkazi wa Texas alilipa zaidi ya dola 400 juu ya mkazi kwa kila krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Piga krediti 12 kwa muhula, mihula miwili: karibu dola 10,000 za ziada kwa darasa lilelile.

Dada yangu, aliyenipa chumba, alishikilia nifanye kazi mwaka mmoja kwanza, hadi nihesabiwe mkazi. Binamu yetu akapinga: "Ukishazoea mshahara, darasani hutarudi. Umeona wangapi?" Nami nimewaona, na si wachache.

Kilichoninyima usingizi hasa ni mkopo. Mkopo wa wanafunzi wa serikali kuu hautaki malipo mradi unasoma angalau nusu ya masomo, yaani krediti 6 kwa muhula. Ukishuka hapo unapewa miezi 6, kisha bili zinaanza. Ningekaa mwaka nje, akiba yote ingeishia kwenye deni.

Basi nikajiandikisha krediti 6 katika chuo cha jamii (community college). Hata bei yao kwa watu wa nje ilikuwa nafuu sana, na ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, haijali wewe ni mkazi wa jimbo gani. Masomo niliyachagua kwa makini. Texas ina krediti 42 za msingi ambazo vyuo vyake vya umma hupokeana, na ndani yake kuna serikali na katiba ya Texas, somo ambalo Kansas sikulipata na ningelidaiwa tu mbele ya safari. Afadhali nilisome kwa bei ya chini.

Usiku nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Texas inataka uwe umeishi humo miezi 12 mfululizo kabla ya siku ya kuhesabu wanafunzi, ambayo kwa muhula wa kawaida ni siku ya 12 ya masomo, na uonyeshe umehamia kweli. Kazi ya wastani wa saa 20 kwa wiki ni ushahidi mzuri. Dada alimwomba mwenye nyumba aongeze jina langu kwenye mkataba, nikabadilisha leseni ya udereva, na kila hati ya mshahara nikaitia kwenye bahasha moja. Ofisi ya usajili ilipoomba vielelezo, nilivipeleka siku hiyohiyo, wakanipa karo ya mkazi.

Kwa anayepanga kuhamia huku: uliza kwanza kuhusu ufadhili wa ushindani. Ukishinda wa chuo chenyewe usiopungua dola 1,000, sheria ya Texas inakiruhusu kikutoze karo ya mkazi bila kungoja mwaka. Mimi niliomba nikakosa, lakini kuna wanaoupata, na maombi yake hufungwa miezi mingi kabla ya muhula.