Ile namba 18 kwenye kava

Nimetoka sebuleni sasa hivi, na moyo bado haujatulia.

Mimi nimekulia kwenye magemu jamani, ngumi, risasi, damu, yote nimecheza na sijawahi kuwa mtu wa kusema gemu zinaharibu watoto.

Leo nimekaa na mpwa wangu wa miaka 10, anacheza gemu aliyoazimwa na rafiki yake. Ikafika sehemu kuna mtu amefungwa kwenye kiti, analia, anaomba aachiwe, na ili usonge mbele lazima ubonyeze kitufe kumtesa. Siyo kuangalia tu, ni wewe unabonyeza.

Akabonyeza.

Kilichoniuma siyo damu. Ni kile kidole gumba chake, kinabonyeza taratibu huku anaimba kwa puani kawimbo ka shule, halafu ananiuliza, "Anko, mbona huyu anachelewa kusema?"

Nikageuza kava. PEGI 18, yaani gemu ya miaka 18 na kuendelea, nyekundu, kubwa tu. Hizi alama za umri zipo siku nyingi, Marekani walianza na za kwao, ESRB, 1994 baada ya watu kupigia kelele magemu ya damu ya kina Mortal Kombat, Ulaya wakaja na PEGI 2003, na sisi wakubwa bado tunapita tu bila kusoma.

Nimezima. Hata hajanuna, ameniuliza tu, "Kwani nimekosea?"

Nikamwambia hapana, hujakosea, nikakaa kimya.

Nyie wenye watoto, mngemjibuje? Niambieni hapo chini maana kesho ataniuliza tena.