Nicodemus, mji uliorukwa na reli

Jumapili, usiku

Ukienda magharibi mwa Kansas kwa barabara kuu namba 24, unaweza kuipita Nicodemus, mji wa Wamarekani Weusi waliotoka utumwani, kabla wimbo mmoja haujaisha redioni. Majengo machache ya zamani, nyumba za wakazi ambao hawafiki hata 50, kisha ngano na upepo. Leo nimeshinda huko. Tangu nirudi Topeka, mji mkuu wa Kansas, mtu anayenikaa moyoni ni Willianna Hickman, aliyefika pale mwaka 1878 akitokea Kentucky.

Wenzake na yeye walishuka treni mji wa Ellis, na hapo surua ikawazukia, watoto wakafa. Waliobaki wakashika njia kuelekea kaskazini. Walipokaribia, mumewe akamwambia wamefika. Akatazama huku na huku, asione nyumba wala mti. Nicodemus iko wapi? Mume akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini: watu waliishi chini, katika vyumba walivyochimba kwenye miinuko ya udongo. Willianna akaanza kulia. Alisimulia hayo mwenyewe uzeeni, na mimi namwamini kuliko kitabu chochote cha historia ya magharibi mwa Marekani.

Mji ulikuwa umeanzishwa mwaka uliotangulia, 1877, na kampuni ambayo rais wake alikuwa mchungaji Mweusi, W. H. Smith, akishirikiana na mzungu mwuza viwanja, W. R. Hill. Matangazo yao yalisambazwa Kentucky kwa watu waliokuwa watumwa hadi miaka kumi na miwili tu nyuma: lipa dola 5, uje uchague kiwanja. Nje ya mji serikali ilikuwa ikitoa ekari 160 kwa atakayekaa na kulima miaka mitano. Kwa aliyelimia shamba la bwana tangu utoto, hilo halikuwa tangazo la kupuuza. Ila tangazo halikusema kwamba hakuna mbao za kujengea. Wengine walipoona hali ilivyo waligeuza siku iliyofuata. Waliobaki walichimbua nyika ile kwa sepetu na majembe ya mkono, kwa sababu farasi walikuwa wa kuhesabu. Wazao wao wanasimulia kuwa majira ya baridi ya kwanza waliokolewa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirejea kutoka mawindoni wakawagawia nyama.

Na mji ukasimama! Jenny Fletcher akafundisha watoto. Mumewe Zachary akaendesha posta na hoteli. Edward McCabe, aliyehamia pale, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima la Kansas, Mweusi wa kwanza kushika cheo cha ngazi hiyo huko. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 palikuwa na maduka, benki, timu ya besiboli na magazeti mawili.

Kilichokosekana ni reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kukubali kukopa dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific. Haikuja. Mwaka uliofuata Union Pacific ikapitisha njia yake ng'ambo ya mto Solomon, kilomita chache kusini-magharibi, na kituo kikazaa mji wa Bogue. Wafanyabiashara wakahamisha bidhaa, wengine hata majengo. Nimesimama leo nikitazama upande ule, nikahisi uchungu wa kweli. Watu walikuwa wamefanya kila walichoambiwa kwamba humfanya mtu afanikiwe Marekani: wamelima, wamejenga shule, wamepiga kura. Mstari mmoja kwenye ramani ya ofisi ya mbali ukatosha. Ukame na vumbi la miaka ya 1930 vikamalizia kuwatawanya. Posta ikafungwa 1953, shule 1960.

Wapo wanaouita mji uliokufa. Siafiki. Kila mwishoni mwa Julai wazao hurudi kutoka majimbo mbalimbali, wanajaza barabara zile chache, wanapika, wanaandamana, wanasali pamoja. Sherehe ilianza kama ukumbusho wa Agosti 1, 1834, siku sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika katika makoloni ya Uingereza huko Karibiani. Sisi tunaotuma pesa nyumbani na kujenga vijumba tusivyolala tunajua vizuri kwamba kwenu hakupimwi kwa idadi ya waliolala huko usiku wa jana.

Hata hadhi ya sasa haikuletwa na mgeni. Angela Bates, mzao wa walowezi, aliunda chama cha historia ya Nicodemus mwaka 1988, na shinikizo likaendelea hadi 1996, serikali kuu ilipoutangaza mji kuwa eneo la kihistoria la taifa. Majengo matano yanahifadhiwa: hoteli, shule, makanisa mawili na ukumbi wa mji. Viwanja vingi kati yake ni majani matupu, lakini wazao bado wanajua kila familia ilipokuwa ikikaa.