Baiti nane kabla ya pointa

Wiki iliyopita programu yangu ya lugha ya C ilikatika kwenye mstari usio na kosa lolote: free(b), yaani kurudisha kipande b cha kumbukumbu, basi. Ujumbe ukadai pointa, yaani anwani ya kipande hicho, si halali. Nikachapisha anwani ya b, nikakuta ni ileile niliyopewa na malloc, inayogawa kumbukumbu, haijasogea hata baiti moja. Jioni nzima ikaishia hapo.

Kilichonitoa ni swali ambalo kila anayejifunza C huliuliza mapema, kisha huliacha njiani. Malloc tunaitajia ukubwa, lakini free tunaipa pointa peke yake. Inajuaje irudishe baiti ngapi? sizeof, inayotaja ukubwa wa kitu, haisaidii, kwenye mashine ya biti 64 itakujibu 8, ukubwa wa pointa yenyewe.

Kwa glibc, maktaba ya C yenye malloc ninayotumia kwenye Linux, jibu liko baiti 8 kabla ya pale pointa inapoelekea. Malloc huandika namba hapo ndipo ikukabidhi kipande chako. Nikaisoma. (Kuchungulia hivyo ni kuvunja sheria za C, na sitaki kukuona ukifanya hivyo kwenye programu ya kazini, ila kwa uchunguzi kunafaa sana.) Kipande nilichokiombea baiti 24 kilinipa 33. Nilitarajia 32, yaani 24 zangu na 8 za hiyo namba. Moja ya ziada imetoka wapi? Ukubwa wa kipande lazima ugawanyike kwa 16, kwa hiyo biti zake za mwisho zingekuwa sifuri daima. Badala ya kuziacha zilale, wamezipa kazi: biti ya mwisho kabisa husema kipande kilichotangulia bado kinatumika. Ubanaji huu wa nafasi naupenda kwa dhati.

Turudi kwa b. Kabla yake tu kwenye kumbukumbu kulikuwa na kipande a, baiti 24, nami nilinakili humo jina lenye herufi 24 kamili. strcpy, niliyonakilia, ikaongeza sifuri ya kufungia maneno, ambayo ni baiti ya 25. Na baiti ya 25 ya a ndiyo baiti ya kwanza ya namba ya ukubwa wa b. Kwenye kichakataji cha x86 hiyo ndiyo inayobeba tarakimu za chini. 33 ikafutika, ikabaki 0. free ilipofika kwa b ikakuta kipande kisicho na ukubwa, ikakataa.

Si kila malloc iko hivi. jemalloc, malloc nyingine, haiandiki namba kabla ya kila kipande. Huvipanga pamoja vipande vya ukubwa mmoja, na ukubwa huutambua kutokana na anwani. Humo ombi la 24 hupandishwa hadi 32, hivyo sifuri yangu ingeangukia nafasi tupu na kosa lingeendelea kuishi bila mimi kulijua. Hilo linanitisha kuliko programu kukatika.

Nimebadili 24 kuwa strlen(jina) + 1, yaani idadi ya herufi za jina na moja ya sifuri, nikasoma tena baiti 8 kabla ya a. Zamu hii ni 49: 25 na 8 ni 33, ikapandishwa hadi 48, na ile biti moja ya jirani.