Ajali Imekwisha Kwa Nani?

Jumapili, usiku

Kaka yangu, dereva wa lori aliyepata ajali, hapendi kuambiwa "shukuru Mungu, umetoka mzima." Hajibu, ila namwona anavyokaza taya. Wanaosema hawana nia mbaya. Wanamwona anatembea, hana plasta wala magongo, basi kwao ajali imekwisha.

Leo asubuhi alikuwa anatoka kuelekea uani, ndala ya kushoto ikamvuka mlangoni. Akaendelea mpaka kwenye kiti, akaketi, hajui. Mwanawe aliiokota akamvalisha bila kusema neno, kama mtu aliyekwisha kuizoea kazi hiyo. Nimeshinda nayo moyoni kutwa nzima.

Alipogongana uso kwa uso na gari dogo, dashibodi ya lori iliingia ndani ikampiga goti. Nguvu ile haikuishia gotini. Ilipanda na paja, ikakisukuma kichwa cha mfupa nje ya nyonga. Nyuma ya nyonga hapo ndipo unapopita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka hadi mguuni. Nyonga ilirudishwa siku ile ile, lakini mshipa uliovutika hakuna mtu wa kuurudisha. Ukijaliwa kuota tena, huota kama milimita 1 kwa siku, na kutoka nyongani hadi kwenye vidole ni safari ya zaidi ya mwaka. Wakati huo wote misuli inakonda. Na mguu wenyewe ndio wa klachi, ndio unaotangulia kutafuta ngazi anaposhuka kebini.

Daktari wa mifupa alitueleza jingine ambalo kila dereva angestahili kuambiwa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Nyonga ikichomoka, mishipa ya damu inayokilisha kichwa cha mfupa huweza kuharibika, na mfupa ukaanza kufa polepole. Eksirei za mwanzo huweza kuonyesha hali njema kabisa. Maumivu ya kinena yanakuja miezi mingi baadaye, pengine hata mwaka wa pili, faili la ajali limeshafungwa na tajiri ameshaweka dereva mwingine kwenye lori. Hapo ukidai, unaulizwa ulikuwa wapi siku zote.

Kichwa nacho. Picha ilisema hamna kitu, na hilo ni la kawaida kwa mtikisiko wa ubongo usio mkubwa. Lakini mtu aliyekuwa akizijua kona zote za njia zake sasa anasahau alichotumwa. Sauti za watoto zinamchoma, mwanga mkali unamtia kizunguzungu. Wifi yangu anasema ameolewa mara ya pili na mwanamume mwingine mwenye sura ile ile, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa analia.

Kuna jambo ambalo kaka halisemi mchana. Lori likigongana na gari dogo, mara nyingi anayebaki hai ni dereva wa lori. Yeye alibanwa kebini, hawezi kutoka, akawa anawasikia wa gari lile mpaka wakanyamaza. Uchunguzi haukumtia hatiani. Usiku anaamka amelowa jasho, mguu wa kulia umekanyaga kitanda kwa nguvu zote, anatafuta breki. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu wa kiwewe kwenye mwongozo wao mwaka 1980, kwa kiasi kikubwa kutokana na askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Askari anaeleweka. Dereva anaambiwa ajikaze.

Naye anajikaza, kwa sababu analipwa kwa safari, na asiposafiri hakuna kitu. Wenzake wengi wamerudi kwenye usukani na mkanda wa mgongo kiunoni, vidonge mfukoni, wakati baadhi ya vidonge hivyo vya maumivu huleta usingizi. Kiti cha lori kinachotetema saa nyingi ndicho kilichokwisha kuichosha diski ya mgongo hata kabla ya ajali. Baada ya ajali ndicho hicho hicho wanachorudishiwa. Hili linanitia hasira kuliko yote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kati ya milioni 20 na 50 hujeruhiwa. Angalia upana wa makadirio hayo ya pili. Wafu tunajitahidi kuwahesabu. Huyu anayevukwa na ndala asijue, sidhani kama yuko kwenye daftari la mtu.

Jioni tumekubaliana mambo mawili. Kinena kimeanza kumuuma, kwa hiyo atapigwa picha ya MRI, maana hiyo huwahi kuliko eksirei kuuona mfupa unaokufa. Na amekubali kuonana na mshauri wa mambo ya kiwewe, kwa sharti nimsindikize na nikae nje. Nitakaa nje. Wifi ameshaanza kuandika kwenye daftari kila kinachomuuma na siku kilipoanza, ili safari hii akiulizwa alikuwa wapi, jibu liwepo kwa maandishi.