Red Rum na ile bahari ya Southport

Jana usiku nimerudia tena video ya Grand National ya 1973, ile mbio kubwa ya farasi ya kuruka vizuizi kule Uingereza, nishasahau ni mara ya ngapi, na kila nikifika mita mia mbili za mwisho nashika kichwa kama ndo naiona leo. Nitaifikia hiyo sehemu. Ila kabla ya hapo nataka niongelee kwato, maana watu wakimtaja farasi Red Rum wanataja ushindi mara tatu basi wanapita, wakati mimi naona stori yake nzima imeanzia kwenye kwato na kuishia kwenye kwato.

Alizaliwa Ireland, Kells kule Kilkenny, Mei 3, 1965. Mama anaitwa Mared, baba Quorum, wakachukua herufi tatu za mwisho za kila mmoja wakapata Red Rum. Hakuna aliyemtegemea kwa makubwa, alipofika mwaka mmoja akauzwa gini 400 (gini ni hesabu ya pesa ya zamani ya Kiingereza) na aliandaliwa kwa mbio fupi za tambarare, zile za kufyatuka na kumaliza, yaani farasi wa mwendo sio farasi wa pumzi. Mbio zake za kwanza kabisa zilikuwa 1967, kama kilomita moja tu, akamaliza sare na mwenzake. Zilikimbiwa Aintree, Liverpool. Shika hilo jina.

Baadaye akahamishiwa mbio za kuruka vizuizi, akapita mikononi mwa watu kadhaa, akishinda hapa na kushindwa pale, na humo katikati akapata ugonjwa wa mfupa ndani ya kwato, pedal osteitis. Mfupa unavimba, farasi anachechemea, na kwa farasi wa kuruka hiyo huwa ndo safari imeisha, maana kila akitua uzito wote unashukia miguu ya mbele.

Sasa hapa anaingia Ginger McCain. Huyu bwana alikuwa dereva wa teksi na muuza magari yaliyotumika pale Southport, mji wa pwani karibu na Liverpool, na mabanda yake ya farasi yalikuwa nyuma ya duka lake la magari. Abiria wake mmoja alikuwa mzee Noel Le Mare, tajiri aliyeota tangu ujanani kuwa na farasi wa kushinda Grand National, na kipindi hicho alishapita miaka 80. Fikiria mzee wa umri huo anampa dereva wake wa teksi hela akamtafutie farasi. Agosti 1972 McCain akaenda mnadani Doncaster akamnunua Red Rum kwa gini 6,000, hajui habari za kwato.

Asubuhi ya kwanza wanamtoa ufukweni, McCain amesimama anaangalia, farasi anachechemea. Mimi hapo ningekaa chini. Hela ya mzee wa watu imeondoka na farasi ni kilema! Alichofanya McCain ni kumwambia aliyempanda amwingize baharini, na akatembezwa kwenye maji ya chumvi ya baridi, maji yanapanda miguuni, muda ukaenda, halafu wakamtoa. Akatoka anakanyaga vizuri miguu yote minne.

Nimewaza sana hii kitu. Kama angenunuliwa na mwenye shamba kubwa la kisasa, lenye nyasi nzuri na njia za mazoezi za kukodoa macho, ingekuwaje? McCain hakuwa na nyasi za kukimbizia farasi, alichokuwa nacho ni ufuko, tena ufuko wa bure, mchanga uliobanwa na maji kupwa na kujaa, ambao unabeba uzito bila kugonga kwato kama ardhi ngumu, na bahari pembeni ya kupoza uvimbe kila siku. Yaani umaskini wa yule mkufunzi ndo ukawa hospitali ya farasi wake. Msimu uleule akaanza kushinda, mara moja, mara mbili, mfululizo.

Kwa asiyejua Grand National: inakimbiwa palepale Aintree, na enzi zile ilikuwa zaidi ya kilomita saba, vizuizi 30, mizunguko miwili. Kuna Becher's Brook ambapo upande wa kutua ardhi iko chini kuliko upande wa kurukia, farasi anaruka anategemea kukuta ardhi halafu anaona bado inakwenda chini. Kuna Canal Turn unaruka na kukata kona hapohapo. Halafu ukimaliza kizuizi cha mwisho bado unadaiwa mita kama 450 za kukimbia, na hapo ndo wengi wanakufa pumzi.

Kingine ni uzito. Farasi bora anabebeshwa uzito mkubwa ili wote wapate nafasi. 1973 Crisp, farasi mkubwa kutoka Australia, alibeba stone 12, kama kilo 76. Red Rum alibeba stone 10 na pauni 5, karibu kilo 66.

Crisp alikimbia siku ile kama hajaambiwa kuna wenzake. Akiwa na joki (mpanda farasi wa mbio) Richard Pitman akawaacha wote mbali kabisa, anaruka vile vizuizi kama anaruka fimbo, na mzunguko wa pili ukiangalia video unaona farasi mmoja, halafu uwanja mtupu, halafu huko nyuma kidoti kinafuata. Kile kidoti ni Red Rum na joki wake Brian Fletcher. Wanafika kizuizi cha mwisho bado pengo ni kubwa, we mwenyewe unasema imeisha hii. Crisp anatua, na ghafla miguu inagoma. Anaanza kuyumba, anakwenda upande, Pitman anajaribu kumnyoosha, kichwa kinashuka, na Red Rum nyuma hajabadilisha mwendo hata kidogo, kichwa chini, hatua ileile fupifupi, anakula pengo, anakula pengo, na hatua mbili tatu kabla ya nguzo ya kumalizia akampita. Robo tatu ya urefu wa farasi. Muda dakika 9 sekunde 1.9, rekodi iliyokuwepo tangu 1934 ikapunguzwa kwa sekunde 18 na nusu.

Kila mara nafurahi na kila mara roho inaniuma kwa Crisp. Na wanaosema Crisp ndo alikuwa bora siku ile siwabishii, kilo kumi mgongoni sio mchezo, na mwaka uleule walikutana tena Doncaster kwa uzito sawa Crisp akashinda. Ila 1974 zile stone 12 alibebeshwa Red Rum mwenyewe, na akashinda! Alimwacha L'Escargot urefu wa farasi saba, na L'Escargot hakuwa wa kubeza, alishachukua Cheltenham Gold Cup, mbio nyingine kubwa ya kuruka, mara mbili. Wiki tatu baadaye akaenda Ayr akachukua na Scottish Grand National. Msimu mmoja, zote mbili. Kwangu mimi huo ndo mwaka wake mkubwa kuliko wote, japo watu wanapenda kutaja 1973 na 1977.

1975 L'Escargot akalipa kisasi, Red Rum wa pili. 1976 wa pili tena nyuma ya Rag Trade, na hapo joki alishabadilika, Fletcher nje, Tommy Stack ndani. Watu wakaanza kusema amezeeka.

Na Aintree yenyewe ilikuwa mashakani, uwanja umeuzwa 1973, kila mwaka inasemwa hii inaweza kuwa Grand National ya mwisho, wajenge nyumba pale. Naamini huyu farasi alisaidia sana watu waendelee kujali.

Aprili 2, 1977. Umri miaka 12, uzito stone 11 na pauni 8. Farasi Andy Pandy anaongoza kwa mbali, anaanguka Becher's mzunguko wa pili, Red Rum anajikuta mbele, na toka hapo hakuna aliyemsogelea. Urefu wa farasi 25. Uwanja ulilipuka, watu wanalia. Sitaificha, siku hiyohiyo farasi wawili walikufa, na mimi ninayependa mbio hizi hilo huwa linanikaa moyoni. Ndo maana nikihesabu kwamba Red Rum alikimbia Grand National tano, vizuizi 150, na hakuanguka hata kimoja, naona hiyo ni kubwa kuliko vikombe. Alikuwa anaangalia anapokanyaga.

Desemba ile wakampeleka studio za BBC kwenye tuzo za wanamichezo. Stack alikuwa ameumia, hayupo studio, anaongea kutoka kwenye skrini. Farasi katulia kwenye mataa na makofi, ile sauti ya Stack ikasikika tu masikio yakasimama.

1978 alikuwa tayari kwa ya sita. Siku moja kabla ya mbio wakakuta ufa mdogo kwenye mfupa, kwatoni, na safari hii bahari isingesaidia. Akastaafu hapohapo. Miaka iliyofuata ikawa ya kufungua maduka na kupigwa picha, na kila mwaka anaongoza maandamano Aintree kabla ya mbio huku watu wanamshangilia kuliko wanaokwenda kukimbia.

Alikufa Oktoba 18, 1995, ana miaka 30. Wakamzika Aintree, uwanja uleule wa 1967, pembeni ya nguzo ya kumalizia, hatua chache kutoka pale alipompita Crisp.