Leo tumefunga kitabu

Wiki ya tatu sasa, mwanafunzi wangu wa piano amekwama palepale. Mapigo 6 kwa kila kipimo, yaani kila kipande kifupi cha muziki. Anayahesabu vizuri kwa mdomo, vidole vinagoma.

Leo nikafunga kitabu.
"Inuka, tutembee."

Tukazunguka chumba: mguu wa kushoto pigo la 1, wa kulia pigo la 4, makofi kwa mapigo yote 6. Mara ya kwanza tukagongana. Mara ya nne akaanza kuimba.

Aliporudi kwenye piano, mkono wa kushoto uliingia wenyewe.

Nikatazama chini. Miguu yake ilikuwa bado inatembea, taratibu, chini ya kiti.

Wiki tatu nilimfundisha kama nilivyofundishwa mimi. Imeniuma.

Walimu wenzangu, nani amewahi kuwabadilishia wanafunzi njia hivi? Nisimulieni.