Kodi ya miezi sita

Leo mchana nimekwenda kuangalia chumba na sebule mtaa wa Chuno, hapa Mtwara mjini. Kodi ni shilingi 80,000 kwa mwezi, na mimi hulipwa mwisho wa mwezi.

Dalali aliposema inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 480,000, na juu yake ya mwezi mmoja iwe yake, nilinyamaza.

Mama mwenye nyumba, aliyeniita mwanangu tangu nilipobisha hodi, akanionyesha chumba cha nyuma kilichoishia usawa wa linta.

"Bati zake ndiyo hiyo kodi yako," akasema kwa upole, huku akipapasa tofali lililokwisha kuota majani.

Sikuweza kumkasirikia. Tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ifutwe mwaka 2005, mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa wapatane wenyewe; mimi naona malipo ya mwezi kwa mwezi yawekwe kisheria, lakini naye mama yule apate mkopo nafuu wa kuezekea.

Nimerudi bila chumba, na lile tofali bado naliona.

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, ninyi mnalipaje?